Rungwe tujaze mboga kwenye sahani, wanga usindikize

Anayetoka Mbeya mjini kwa barabara ya Kyela, akapita Isongole na Kiwira hadi Tukuyu, haoni ardhi iliyolala bure. Juu kwenye baridi, katika miteremko ya Mlima Rungwe wenye kimo cha karibu mita 3,000, kuna viazi mviringo, kabichi, karoti na njegere. Akiteremka anakutana na migomba, chai ya Katumba, miparachichi, na banda la ng'ombe wa maziwa nyuma ya nyumba. Mvua katika sehemu nyingi za Wilaya ya Rungwe hupita milimita 2,000 kwa mwaka, na kuna mabonde ambayo mboga hazikauki hata kiangazi. Neema hii si ya jana. Mwaka 1879 msafiri Joseph Thomson, alipopita kaskazini mwa Ziwa Nyasa, aliisifu sana nchi ya Wanyakyusa na migomba yake, na wamisionari wa Moravian walipojenga kituo chao Rungwe mwaka 1891 walikuta watu ambao kulima hawakuhitaji kufundishwa. Kwa hiyo mtu anayeandika kuhusu chakula cha Rungwe hana sababu ya kuanza na njaa. Anapaswa kuanza na sahani, aulize kilichomo na kwa kiasi gani.

Takwimu za nchi zinatulazimisha kuuliza. Utafiti wa Hali ya Afya ya Uzazi na Mtoto na Viashiria vya Malaria wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba asilimia 30 ya watoto wa Tanzania walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Mikoa iliyoongoza kwa udumavu haikuwa ile ya ukame. Ilikuwa Iringa kwa asilimia 56.9, Njombe kwa asilimia 50.4 na Rukwa kwa asilimia 49.8, yaani Nyanda za Juu Kusini zinazojaza maghala ya mahindi na masoko ya viazi. Mkoa wetu wa Mbeya una nafuu ukilinganishwa na majirani hao, lakini nafuu yenyewe ni kwamba karibu theluthi moja ya watoto wamedumaa. Utafiti huohuo ulikuta zaidi ya wanawake 4 kati ya 10 wenye umri wa kuzaa wana upungufu wa damu. Udumavu una sababu nyingi: maji machafu, maradhi ya kuhara, mimba za mapema, mama anayefanya kazi ngumu hadi siku ya kujifungua, mtoto anayeachishwa ziwa mapema. Hakuna sahani moja itakayoziondoa zote. Hata hivyo sababu mojawapo iko jikoni kwetu, na hiyo haihitaji mfadhili wala mkandarasi.

Sababu hiyo ni uwiano. Chakula cha jioni katika nyumba nyingi za Tukuyu ni mlima wa wanga na kijiko cha mboga. Ugali, wali wa Kyela, viazi au ndizi za kupika vinachukua sahani yote, halafu pembeni kuna mboga za majani zilizochemshwa mpaka zikapoteza rangi, au mchuzi mwembamba wa kupitishia tonge. Mbalaga, yaani ndizi za kupika, ikipikwa na maharage au nyama ni chakula kizuri sana, na sioni sababu ya mtu yeyote kuiacha. Tatizo linakuja siku maharage yanapopungua na nyama haipo, ndizi zikabaki peke yake na bado tukasema tumekula. Tumbo limejaa kweli, lakini damu, mifupa na kinga ya mwili havikupata kitu. Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtu mzima ale angalau gramu 400 za matunda na mboga kwa siku. Fungu dogo la mboga za majani linalogawiwa watu sita, tena likiwa limenywea kwa kuchemka, haliwezi kufika huko.

Hapa ndipo ninapoleta chakula ambacho wengi Rungwe hawajakizoea: tambi nyembamba za wanga zilizokaangwa na mboga. Sisemi tambi za ngano tunazozipika kwa sukari, iliki na nazi, zile ambazo watu wa pwani wamezifanya kuwa mapambo ya futari. Nasema zile zinazotengenezwa kwa wanga mtupu wa choroko, wa viazi vitamu au wa viazi mviringo, ambazo zikiiva zinang'aa na kupitisha mwanga. China na Korea zinapikwa majumbani kila siku. Wakorea wanazikaanga na karoti, mboga za majani, vitunguu, uyoga na yai au nyama kidogo iliyokatwa vipande vyembamba. Masimulizi yao yanakipeleka chakula hicho hadi jumba la mfalme Gwanghaegun, aliyetawala kuanzia 1608 hadi 1623, na jambo linalonivutia ni kwamba wakati huo hakikuwa na tambi hata moja. Kilikuwa mchanganyiko wa mboga. Tambi ziliingia katika karne ya 20, viwanda vya tambi za wanga vilipoanza, na zilipoingia zilikuta mboga zimeshakaa katikati. Zikapewa nafasi ya msindikizaji. Uwiano huo ndio ninaoutetea hapa kwa ajili ya Rungwe: mboga ziwe nyingi, wanga uwe mchache, na vyote viive pamoja katika chombo kimoja ili pasiwepo mtu wa kuchagua wanga na kuacha majani.

Ni lazima niseme wazi kwamba tambi zenyewe si dawa. Gramu 100 za tambi kavu za wanga zina nishati ya kama kilokalori 350 na karibu hazina protini kabisa, hata gramu moja haifiki. Choroko nzima ina kama gramu 24 za protini katika kila gramu 100, lakini kiwandani protini hiyo huondolewa pamoja na nyuzinyuzi ili ubaki wanga mtupu. Tambi za ngano zina kama gramu 12, kwa hiyo kwa kipimo hicho ni bora zaidi. Mtu akinunua pakiti ya tambi za wanga, akazichemsha na chumvi akawapa watoto, atakuwa amerudi palepale alipokuwa na ndizi tupu, tena kwa gharama kubwa zaidi. Thamani ya chakula hiki iko katika mboga, yai, maharage na mafuta yanayoambatana nazo. Tambi zinafanya kazi moja tu, nayo wanalishe wengi huisahau: zinafanya kilo nzima ya mboga iliwe kwa hamu. Hazina ladha yao wenyewe, zinafyonza tangawizi, kitunguu saumu na mchuzi wa nyanya, na zinateleza. Mtoto anayesukuma bakuli la kabichi atazila karoti na majani yaliyojisokota ndani ya tambi kabla hajayaona.

Vipimo ni hivi. Kwa watu watano, gramu 250 za tambi kavu zinatosha, na mboga zisipungue kilo moja na robo kabla ya kupikwa. Hapo kila mtu anapata gramu 250 za mboga katika mlo mmoja, zaidi ya nusu ya kile kinachopendekezwa kwa siku nzima. Soko la Tukuyu lina kila kinachotakiwa: kabichi, karoti, chainizi, figiri, majani ya maboga, pilipili hoho, vitunguu, nyanya, njegere mbichi, na uyoga ukipatikana. Tambi zinalowekwa katika maji ya moto mpaka zilainike, kisha zinachujwa na kukatwa mara mbili tatu ili zisijifunge. Mboga zote zikatwe kabla jiko halijawashwa, vipande vyembamba na virefu, kwa sababu moto ukishawaka hakuna muda wa kutafuta kisu. Mafuta yakipata moto, kitunguu na tangawizi hutangulia, karoti na njegere hufuata, kabichi na hoho baada ya hapo, na majani laini huingia mwisho. Mnafu, kwa uchungu wake, uchemshwe kwanza pembeni. Mboga zikiwa bado na rangi yake na zinalia kidogo mdomoni, weka tambi na maji vijiko vichache, geuza mpaka zing'ae, vunjia mayai, kisha zima jiko na ukamulie ndimu. Chumvi iwe kidogo. Kazi yote ya motoni haizidi robo saa.

Hiyo robo saa ina uzito kuliko inavyoonekana. Kwanza, vitamini C na folati huharibika kwa joto na huyeyukia kwenye maji. Mboga inayochemshwa nusu saa na maji yake kumwagwa inafika mezani ikiwa imepoteza sehemu kubwa ya vitamini hizo. Ikikaangwa upesi inabaki na sehemu kubwa ya virutubisho vyake, na mafuta yanayotumika yanasaidia mwili kupokea vitamini A iliyomo kwenye karoti na majani ya kijani. Ndimu na nyanya nazo zinausaidia mwili kuchukua madini ya chuma kutoka kwenye majani na maharage, jambo la maana mahali ambapo upungufu wa damu ni wa kawaida kwa akina mama. Pili kuna suala la nishati. Tukuyu iko kwenye mwinuko wa kama mita 1,500, na katika mwinuko huo maji huchemka kwenye nyuzi joto kama 95 badala ya 100. Kila mpishi wa huku anajua kwamba maharage yanachukua muda mrefu kuliko kule Kyela chini, hata kama hajawahi kupima. Serikali ilizindua mwaka 2024 Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, unaolenga asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ifikapo 2034. Familia nyingi zimepata mtungi wa gesi na kuuweka kona, kwa kuwa gesi inatisha ukifikiria maharage ya saa mbili. Chakula cha robo saa kinaufanya mtungi uonekane rafiki, na maharage yanayochemshwa mara moja kwa wiki kwenye kuni au mkaa yanaweza kutiwa humo kidogo kidogo kila jioni.

Kuna watakaosema hiki si chakula chetu. Nalichukua pingamizi hili kwa uzito wake, maana linatoka kwa watu wanaopenda kwao. Lakini tuiangalie hiyo sahani yetu kwa utulivu. Mahindi, maharage na viazi mviringo asili yake ni Amerika, parachichi vilevile. Ndizi zimetoka Asia, ingawa zimekaa Afrika muda mrefu kiasi kwamba Unyakyusa bila migomba haiwaziki. Kabichi na karoti zimekuja na Wazungu, na chainizi, ambayo leo kila mama anaipanda kando ya nyumba, ni mboga ya Wachina iliyoingia bustanini bila kuulizwa kabila lake. Kila kimoja kati ya hivi kilikuwa kigeni kwa kizazi fulani, kikapikwa kwa namna ya hapa, kikawa cha hapa. Mwanaanthropolojia Monica Wilson, aliyefanya utafiti Unyakyusa pamoja na mumewe Godfrey katika miaka ya 1930 na kuchapisha kitabu chake kuhusu vijiji vya marika mwaka 1951, aliona kwamba moyo wa jamii hii ni kula na kuzungumza pamoja na wenzako wa rika. Desturi hiyo ni nzito kuliko aina ya nafaka iliyomo chunguni. Tambi zilizotiwa mnafu, usipa (dagaa wa Ziwa Nyasa) na parachichi pembeni, zikaliwa kwenye sinia moja, sioni ugeni wake.

Pingamizi la shibe ni gumu zaidi, na sitalipita kwa mzaha. Gramu 50 za tambi kavu, ambazo ndizo fungu la mtu mmoja katika vipimo nilivyotoa, zina kama kilokalori 175 tu. Aliyeshinda kutwa akichuma chai au akipanda viazi Ndaga hawezi kulalia hizo na mboga peke yake. Kwa watu wa namna hiyo jibu si kurudisha mlima wa wanga. Ongeza vinavyoshibisha na kujenga mwili kwa pamoja: kikombe cha maharage yaliyoiva, karanga zilizopondwa, yai, nusu parachichi kwa kila mtu. Gramu 100 za parachichi zina kama kilokalori 160, na Rungwe inayauza kwa malori. Anayehitaji zaidi ale na kiazi au ndizi pembeni, hakuna amri inayokataza. Ninachopinga ni mboga kuwa kumbukumbu tu kwenye sahani. Kwa mtoto wa chini ya miaka miwili tahadhari ni kubwa zaidi, kwa sababu tumbo lake ni dogo na mboga nyingi zenye maji zinaweza kulijaza kabla hajapata nguvu. Huyo akatiwe vyote vidogo sana, achanganyiwe yai au unga wa usipa na parachichi lililopondwa, na aendelee kunyonya. Mama akimpa mtoto huyo tambi na kabichi akaishia hapo, amekosea sawa na aliyempa uji mtupu.

Halafu kuna bei. Tambi za wanga zinatoka nje na haziko katika kila duka la Tukuyu, na sitamwambia mtu wa Masoko au Lufilyo asafiri hadi Mbeya mjini kutafuta pakiti. Wa namna hii anaweza kutumia tambi za kawaida za ngano, tena atapata protini zaidi. Lakini pia kuna njia ya nyumbani ambayo mkulima wa viazi anaweza kuimudu. Viazi vidogo vinavyokataliwa na wachuuzi, vilivyokatwa na jembe, vinasagwa kwenye kikwaruzo, vinachanganywa na maji na kukamuliwa kwa kitambaa safi. Maji yale yakitulia kama nusu saa, wanga mweupe unakaa chini. Unamwaga maji ya juu, unaosha tena, kisha unauanika. Kilo moja ya viazi hutoa takribani gramu 100 za wanga kwa njia hii. Wanga mkavu kipimo kimoja na maji vipimo viwili vinakorogwa, vinamiminwa kidogo tu kwenye sinia bapa lililopakwa mafuta, na sinia linaelea juu ya maji yanayochemka ndani ya sufuria kubwa. Dakika chache baadaye utando unaganda na kuanza kupitisha mwanga. Unauzamisha kwenye maji baridi, unaubandua, unaukata vipande virefu kama ukindu. Wachina wanafanya hivi tangu zamani. Makapi yaliyobaki yanakaangwa na yai au yanapewa nguruwe. Viazi vilivyogeuka kijani visitumike, vina sumu. Ni kazi, ndiyo, na mavuno ni madogo, kwa hiyo nasihi itumike kwa viazi vya mabaki tu. Kiazi kizima kizuri kina virutubisho vingi kuliko wanga wake, na hakuna faida kukivunja.

Na kama viazi ni vizima, basi kanuni ileile inafaa bila tambi kabisa. Viazi vikatwe vyembamba kama njiti, vioshwe, vikaangwe upesi na karoti, hoho na majani. Ndizi mbichi nazo zinakatika hivyohivyo. Nimechagua tambi za wanga kwa sababu zinaonyesha uwiano kwa uwazi kuliko chakula kingine: mtu hawezi kuzipika bila mboga zikaeleweka. Akishaelewa hapo, yuko huru kuzisahau.

Tambi ambazo tayari zimeingia Rungwe kwa wingi ni zile za pakiti, zinazoiva kwa dakika tatu na zina kifuko cha viungo ndani. Ziko dukani kando ya biskuti, na watoto wa shule wanazijua kwa majina. Sina ugomvi na mama aliyechoka anayezipika jioni moja. Nina wasiwasi na mazoea. Zimekaangwa kwa mafuta kiwandani, na kifuko kile kina chumvi nyingi kiasi kwamba pakiti moja inaweza kumla mtu sehemu kubwa ya gramu 5 ambazo Shirika la Afya Duniani linaziweka kama ukomo wa siku. Kuwakataza watoto hakutasaidia, kwa kuwa duka liko njiani. Kinachosaidia ni kuwapa nyumbani kitu chenye mvuto uleule wa tambi, lakini kwa uwiano tuutakao. Hata hizo za pakiti, ukitupa kifuko na kutia mboga mara tano ya uzito wake na yai, zinakuwa chakula kingine.

Mwingine atasema mboga zinauzwa, haziliwi, na hapa tunagusa kidonda. Rungwe inalima kwa ajili ya soko. Ndizi zinakwenda Dar es Salaam, parachichi za Hass zinavuka bahari, maziwa yanachukuliwa asubuhi, majani ya chai yanapimwa kwa kilo. Mama anayepanda karoti na chainizi anahitaji ada ya shule na sabuni, na pesa hiyo anaipata palepale sokoni. Anauza fungu zuri, ananunua unga. Ukimhukumu hutakuwa umemsaidia. Lakini hesabu yenyewe ina pengo, kwa sababu gharama za mtoto anayeugua kila mara, au anayekaa darasani bila kushika kitu, haziandikwi kwenye daftari la mauzo. Ninachopendekeza ni tuta moja la bustani ambalo haliuzwi, la mnafu, maboga na karoti, na mayai machache kila wiki yasiyofika sokoni. Na kwa kuwa kukata kilo ya mboga ni kazi kuliko kusonga ugali, kazi hiyo isiongezwe juu ya mabega ya mama aliyetoka shambani. Baba anaweza kushika kisu. Vijana wanaweza kumenya karoti. Ikiwa chakula bora kinategemea uchovu wa mtu mmoja, hakitadumu wiki mbili.

Serikali haijakaa kimya kuhusu lishe. Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania ipo tangu 1973, wakuu wa mikoa wametia saini mikataba ya lishe na ofisi ya Rais, na kila kijiji kimewekewa Siku ya Afya na Lishe ya Kijiji. Katika siku hizo mama anasomewa makundi sita ya chakula, mtoto anapimwa urefu, uzito na mkono, halafu watu wanatawanyika kurudi kwenye jiko lilelile. Mabango ya makundi ya chakula ni sahihi, lakini hayana harufu. Hakuna aliyebadilisha anachopika kwa kusoma mduara uliogawanywa rangi. Watu wanabadilika wakionja, wakiona jirani yao amepika, wakijua imechukua mkaa kiasi gani na mtoto amekula au amekataa.

Kwa hiyo rai yangu kwa maofisa lishe wa halmashauri za Rungwe na Busokelo ni hii: siku ya lishe ijayo, acheni bango ofisini na mje na karai, visu na jiko la gesi. Nunueni mboga za kijiji hichohicho, asubuhi ileile, kutoka kwa akina mama wanaohudhuria. Pimeni kilo moja na robo ya mboga na robo kilo ya tambi mbele ya watu ili macho yazoee uwiano, kisha waiteni akina baba wakate. Shule zinazotoa chakula cha mchana zianze na siku moja kwa wiki, zikitumia viazi au tambi kwa kadiri ya uwezo wao na mboga za bustani ya shule. Na wewe msomaji wa Tukuyu, Kiwira, Katumba au Mwakaleli, huna haja ya kusubiri mtu yeyote: kesho jioni kata mboga mara mbili ya ulizozoea, punguza wanga nusu, weka yai au maharage, na uwaulize watoto wako kama wanataka tena.